Kutoka London hadi Toscana kwa Gari: Panga Safari Ukianzia Mlimani

Wengi wanaopanga safari hii huanza na nyumba wanayotoka. Hufungua ramani ya simu, huandika London, huandika Firenze, kisha hufuata mstari wa buluu jinsi ulivyochorwa. Nashauri kinyume chake. Kati ya Ulaya ya kaskazini na Italia imesimama Milima ya Alpi, na njia za kuivuka kwa gari ni chache, kila moja ikiwa na kalenda yake, bei yake na foleni zake. Ukishachagua mahali pa kuvukia, mambo mengi yaliyobaki, yaani utalala wapi, utaondoka siku gani na utalipa tozo za nchi zipi, hufuata nyuma ya uamuzi huo. Mwongozo huu unamfuata msafiri anayetoka London na familia yake katika gari lenye usukani wa kulia, akielekea Toscana, mkoa wa Italia wenye mji wa Firenze, umbali wa takriban kilomita 1,500, lakini anayeanzia Rotterdam, Köln au Stockholm naye atapata yanayomhusu.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pa kuvuka Alpi

Njia ninayoipendekeza kwa anayepitia Calais ni ya Uswisi, kupitia handaki la Gotthard. Handaki hilo lilifunguliwa mwaka 1980, lina urefu wa kilomita 16.9, na halina tozo ya peke yake: ukiwa na kibali cha mwaka cha barabara kuu za Uswisi, ambacho ni faranga 40, umeshalipa. Kibali hicho zamani kilikuwa stika ya kubandika kwenye kioo tu. Tangu mwaka 2023 kinanunuliwa pia kwenye intaneti na kuunganishwa na namba za gari, na hutumika kuanzia tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia hadi tarehe 31 Januari ya mwaka unaofuata. Anayekamatwa bila kibali hutozwa faini ya faranga 200 na bado hulazimika kukinunua.

Ubaya wa Gotthard ni foleni. Handaki lina bomba moja lenye njia moja kwenda na moja kurudi, kwa hiyo magari huruhusiwa kuingia kwa vipimo. Wakati wa Pasaka na Jumamosi za Julai na Agosti, foleni ya upande wa kaskazini, karibu na Göschenen, huweza kuzidi kilomita 10, na huko hukadiriwa kwamba kila kilomita ya foleni ni dakika 10 hivi za kusubiri. Zipo pia nyakati ambapo handaki hufungwa usiku kwa ajili ya matengenezo, na ratiba hiyo hutangazwa mapema. Ukikuta foleni imekuwa ndefu kupita kiasi, njia mbadala ni ya San Bernardino, barabara ya A13, inayopita Chur na kurudi kukutana na ile ya kwanza Bellinzona. Barabara ya juu, inayopanda mlima wenyewe wa Gotthard hadi zaidi ya mita 2,000, ni nzuri mno kwa macho, lakini hufungwa na theluji majira yote ya baridi, na kwa kawaida haifunguliwi hadi mwishoni mwa Mei au Juni. Usiitie katika mpango wa Aprili.

Njia mbili nyingine hutoka Ufaransa moja kwa moja: handaki la Mont Blanc, la kilomita 11.6, na handaki la Fréjus, la kilomita 12.9. Kila moja hutoza gari dogo zaidi ya euro 50 kwa kwenda tu. Mont Blanc, lililofunguliwa mwaka 1965, limekuwa likifungwa kwa wiki nyingi katika vuli za miaka ya karibuni kwa ajili ya matengenezo makubwa, hivyo anayesafiri kati ya Septemba na Desemba aangalie tangazo la handaki kabla ya kulipia hoteli yoyote. Fréjus hufaa anayekwenda Torino au pwani ya Liguria.

Anayetoka Ujerumani, Uholanzi au Skandinavia kwa kawaida hupita Austria kupitia Brenner. Hapo hakuna haja ya handaki refu, kwa sababu kivuko hicho kina urefu wa takriban mita 1,370 tu kutoka usawa wa bahari na hubaki wazi mwaka mzima. Unahitaji kibali cha barabara kuu za Austria, pamoja na tozo ya ziada ya barabara ya Brenner yenyewe, kisha ukishaingia Italia unateremka kwa A22 kupitia Bolzano na Verona hadi Modena. Jambo la kuzingatia ni daraja la Luegbrücke upande wa Austria. Tangu Januari 2025 magari hupita hapo kwa njia moja kila upande, isipokuwa siku za msongamano mkubwa ambapo hufunguliwa njia mbili.

Hatua ya pili: chagua siku kabla ya kuchagua hoteli

Ukijua mlima wako, weka kalenda mbele yako na utafute siku ambayo nusu ya Ulaya haiko barabarani. Ufaransa ina huduma rasmi ya kutabiri msongamano, Bison Futé, inayozipa siku rangi: kijani, rangi ya chungwa, nyekundu na nyeusi. Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti mara nyingi huwa nyekundu au nyeusi. Italia nayo ina utaratibu wake wa rangi, na siku zinazoizunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu inayoitwa Ferragosto, ndizo ambazo familia nyingi za Kiitalia hufunga milango na kuelekea baharini. Ninapoweza, huondoka Jumatatu au Jumanne ili nifike mlimani siku ya katikati ya wiki, na tofauti yake naiona mwilini: nafika nikiwa na nguvu ya kupika chakula cha jioni badala ya kuanguka kitandani na viatu.

Ukiandika ratiba kwa saa za Kiswahili, andika kando yake saa ya tiketi. Treni ya saa 13:00 ni ya saa 7 mchana, na ukitoka Uingereza kwenda Ufaransa saa husogea mbele kwa saa moja. Wapo waliokosa treni au feri kwa kosa la hesabu hiyo peke yake.

Hatua ya tatu: karatasi

Msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anayeishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi anahitaji viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa sababu Uingereza haimo katika eneo hilo. Ufaransa, Uswisi na Italia zote zimo, kwa hiyo viza moja inatosha, na kupita Uswisi hakuhesabiwi kuwa ni kutoka nje ya eneo. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, ambayo kwa safari hii ni Italia, si Ufaransa utakayoingilia. Huwezi kuomba mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, na sheria inataka maombi yafike angalau siku 15 kabla. Mimi nisingesubiri hata kidogo karibu na siku hizo 15, kwa kuwa miadi ya majira ya joto hujaa. Maofisa wa Ufaransa hukagua pasipoti upande wa Uingereza, pale Folkestone au Dover, kwa hiyo mwenye upungufu katika viza yake atarudishwa kabla hajavuka. Anayeishi tayari katika nchi ya Schengen kwa kibali halali anaweza kuzitembelea nyingine hadi siku 90 katika kila siku 180.

Leseni ya plastiki ya Uingereza inatosha. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya aliyekuja matembezini achukue pia kibali cha kimataifa cha udereva kutoka nyumbani, kwa kuwa Italia inataka kibali hicho au tafsiri rasmi ya leseni. Beba kadi ya gari halisi, hati ya bima, na barua ya idhini ya mwenye gari ikiwa si lako. Gari la kukodi lazima liwe na ruhusa ya kampuni kwa kila nchi utakayoipita, ikitajwa kwa jina.

Na chakula cha njiani kina sheria yake. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka nje ya Umoja, na Uingereza sasa iko nje. Sambusa za nyama zilizokaangwa usiku wa kuamkia safari zinaweza kuchukuliwa na kutupwa; weka dengu au viazi. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yana ruhusa yake maalumu. Uswisi nayo, ingawa imo Schengen, ina forodha yake, na inaruhusu nyama kilo 1 tu kwa mtu bila ushuru, jambo la kukumbuka wakati wa kurudi na vyakula vya Italia kwenye buti.

Hatua ya nne: andaa gari, na andaa mazoea ya dereva

Gari lifanyiwe huduma wiki mbili kabla, si siku moja kabla, ili kasoro ikionekana ipatikane nafasi ya kuitengeneza. Angalia hasa breki na maji ya kupoza injini, maana milima hupima hivyo viwili kuliko kitu kingine chochote. Beba pembetatu ya tahadhari na vizibao vya kuakisi mwanga, kimoja kwa kila abiria, vikiwa ndani ya gari mahali mkono unapofika na si chini ya mizigo. Taa za gari la usukani wa kulia hummulika machoni anayekuja mbele, kwa hiyo bandika vipande vya kuzuia mwanga au geuza mpangilio wake kama gari linaruhusu. Gari la Uingereza linahitaji alama ya UK. Ile ya zamani ya GB haikubaliki tena. Uswisi inataka taa ziwashwe hata mchana, na Italia vilevile nje ya miji. Kati ya Novemba na Aprili panga kuwa na matairi ya theluji au minyororo, kwa sababu barabara nyingi za milimani hudai hivyo kisheria.

Sisi tuliojifunza kuendesha Dar es Salaam au Mombasa tumeuzoea upande wa kushoto kiasi kwamba, kule Dar, hata mzunguko wa barabarani tunauita kipilefti. Kuanzia Calais unashika kulia, unauzunguka mzunguko kinyume cha mishale ya saa, na kwa kawaida unawapisha walioko ndani, wanaotokea kushoto kwako. Katika makutano yasiyo na alama yoyote, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita. Saa ya hatari si ile ya kwanza baada ya kushuka kwenye treni, kwa maana wakati huo dereva yuko macho mno. Hatari iko asubuhi ya siku ya pili, unapotoka kituo cha mafuta au maegesho ya hoteli na barabara ni tupu, hakuna gari la kukukumbusha, na mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Mwambie anayekaa karibu nawe atamke neno "kulia" kila mnapotoka mahali mliposimama. Sisi hufanya hivyo mpaka leo.

Hatua ya tano: gawanya njia kwa siku

Kutoka London unavuka kwa treni ya magari ya Folkestone, inayokufikisha upande wa Calais kwa dakika 35 chini ya bahari, au kwa feri ya Dover, inayochukua saa moja na nusu hivi. Gari linalotumia gesi ya mitungi halikubaliwi kwenye treni hiyo, hivyo mwenye nalo achukue feri.

Toka Calais una njia mbili za kufika Basel, mlango wa Uswisi. Ya kwanza ni A26 hadi Reims, kisha A4 hadi Strasbourg, ambayo ni nyepesi kuendesha, ina magari machache, lakini sehemu yake kubwa hulipiwa. Ya pili inapita Ubelgiji kupitia Brussels na Namur, kisha Luxembourg, halafu Metz. Ubelgiji na Luxembourg hazitozi magari madogo kwenye barabara kuu za njia hiyo, na mafuta ya Luxembourg kwa kawaida ni nafuu kuliko ya majirani zake. Akiba hiyo ni ya kweli, lakini ukiifikia Brussels saa za watu kutoka kazini utailipa kwa muda. Mwenye watoto wadogo achukue njia ya Reims. Kutoka Strasbourg hadi Basel barabara ya A35 ni ya bure katika njia zote mbili.

Siku ya kwanza iishie Reims au Metz. Siku ya pili iwe fupi kwa makusudi, iishie Colmar au karibu na Mulhouse, upande wa Ufaransa, ambako malazi ni nafuu kuliko ng'ambo ya mpaka. Watu huona haraka ya kuendelea, lakini usiku huu ndio kiini cha mpango mzima: unalala kaskazini ya mlima, unaamka saa 10 usiku, unaondoka saa 11 alfajiri, na unafika kwenye mdomo wa Gotthard kabla ya waliolala mbali zaidi kuamka. Pia unafika ukiwa umepumzika, jambo ambalo ni la usalama. Mwezi Machi 1999 moto ndani ya handaki la Mont Blanc uliua watu 39, na Oktoba 2001 watu 11 walikufa ndani ya Gotthard baada ya malori mawili kugongana. Tangu hapo mahandaki haya yamewekewa ulinzi mkubwa, na sehemu ya ulinzi huo ni dereva mwenyewe. Washa redio, fuata kasi iliyoandikwa, ambayo ndani ya Gotthard haizidi kilomita 80 kwa saa, acha nafasi kubwa mbele yako, na zitazame alama za kijani za milango ya kutokea unapozipita. Ukiona moshi, simama pembeni, zima injini, acha ufunguo ndani ya gari, na utembee na watu wako hadi mlango wa karibu. Usirudi kuchukua begi. Namba ya dharura katika nchi zote hizi ni 112.

Ukitoka handakini unateremka muda mrefu kuelekea Bellinzona na Lugano. Tumia gia ya chini ili injini ikusaidie kushika mwendo, na usikae na mguu juu ya breki.

Baada ya mpaka wa Chiasso unafuata A9 kupita Como, unaizunguka Milano kwa barabara ya pembeni ya magharibi, kisha unaingia A1, barabara iliyokamilika mwaka 1964 na inayokwenda hadi Napoli. Mahali hapa programu za ramani hupenda kukuingiza A36 au A59, barabara zisizo na geti lolote: kamera husoma namba za gari, nawe una siku 15 za kulipa kwenye intaneti. Ukipita huko, lipa jioni hiyohiyo. Baada ya Bologna A1 inagawanyika. Direttissima ni ile mpya iliyofunguliwa Desemba 2015, yenye mahandaki marefu na kona chache. Panoramica ni ile ya zamani inayojipinda milimani. Zote hufika Firenze. Mwenye abiria anayetapika njiani achukue ya kwanza. Anayekwenda Lucca au Pisa anaweza kuiacha A1 pale Parma na kushuka kwa A15 hadi pwani.

Hatua ya sita: magetini na kwenye sheli

Ufaransa na Italia hutumia utaratibu uleule: unachukua tiketi unapoingia, unalipa unapotoka. Kwa gari la usukani wa kulia mashine iko upande wa abiria, kwa hiyo anayesafiri peke yake anunue mapema kifaa cha kubandika kwenye kioo cha mbele kinachofungua geti chenyewe; vipo vinavyofanya kazi nchi zote mbili. Asiye nacho asiingie kabisa njia ya manjano ya Telepass, yaani ya wenye vifaa hivyo, nchini Italia. Njia zenye alama ya buluu ni za kadi, nyeupe ni za fedha taslimu. Ukiingia kimakosa usirudi nyuma hata hatua moja. Bonyeza kitufe cha msaada, chukua karatasi utakayopewa, na ulipe ndani ya siku 15.

Kwenye sheli za Italia, benzina ni petroli na gasolio ni dizeli. Bei ya pampu yenye maandishi servito, ambapo mhudumu anakujazia, ni ya juu kuliko ya self. Kasi kwenye barabara kuu ni kilomita 130 kwa saa Ufaransa na Italia, na 110 mvua inaponyesha. Uswisi ni 120. Italia hupima pia wastani wa mwendo kati ya kamera mbili, hivyo kupunguza kasi mbele ya kamera hakumsaidii mtu.

Hatua ya saba: usiingie mjini na gari

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza fedha, na ndiyo sababu nimeiacha hatua hii mwisho, ili ibaki kichwani. Miji ya kale ya Italia, ikiwemo Firenze, Siena, Pisa, Bologna na Roma, ina maeneo yanayoitwa ZTL, ambamo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kwa saa fulani. Hakuna geti wala askari. Ipo duara nyeupe yenye mzingo mwekundu, kibao cha saa, na kamera. Mara nyingi kipo pia kibao cha umeme, nacho kinawachanganya hata watu makini: varco attivo maana yake si kwamba njia imefunguliwa, bali kwamba udhibiti unafanya kazi na usipite. Unaporuhusiwa kupita huandikwa varco non attivo. Anayezunguka akitafuta hoteli anaweza kunaswa na kamera zaidi ya moja kwa robo saa.

Mimi mwenyewe nilipokea barua ya faini miezi saba baada ya kurudi, kwa sababu niliiamini ramani ya simu ndani ya mji ambao nilikuwa nimepanga kuupita kwa nje. Kisheria barua hiyo inaweza kumfikia mgeni ndani ya siku 360, na faini ikilipwa ndani ya siku 5 baada ya kuipokea hupunguzwa kwa asilimia 30.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, iandikie hoteli uulize mambo mawili: je, imo ndani ya ZTL, na kama imo, je, watasajili namba za gari lako kwa siku zipi? Omba jibu kwa maandishi na ulihifadhi. Ninachopenda zaidi ni kulala nje ya mji na kuingia kwa usafiri wa umma. Firenze ina tramu zinazotoka kwenye maegesho makubwa ya pembezoni, na barabara ya Firenze hadi Siena haina tozo, hivyo nyumba ya kukodi kati ya miji hiyo miwili hukupa yote mawili. Mistari ya maegesho ni rahisi kujifunza: nyeupe ni bure, ingawa huenda kukawa na kikomo cha saa; buluu hulipiwa; manjano ni ya wenyeji au watu wenye ulemavu. Risiti za tozo, za maegesho na barua za hoteli ziweke katika bahasha moja, na usiitupe bahasha hiyo kabla ya mwaka kupita.